Karatasi ya Rehema

Mjukuu wangu Salim,

Hapa Erdington hatujambo, ila mama yako bado anagombana na boila ya kupashia maji moto. Unauliza kuna raha gani kubashiri, maana msimu wa besiboli huko Amerika umekwisha na hukupatia hata timu moja.

Nilipokuwa msichana Kisumu, kabla ya ligi ya soka ya mtaa kuanza, marafiki sita tuliandika ubashiri wetu tukautia kwenye kopo la majani ya chai. Ligi ilipokwisha tukalifungua. Bingwa tulimkosa sote. Rehema, asiyejua hata kona ni nini, alikuwa ameandika: "Siku ya kulifungua tutakuwepo wote."

Tukahesabiana, mmoja mmoja. Tulikuwa sita.

Siku hizi tumebaki wawili, mimi hapa na Rehema kule Longbridge, upande wa pili wa jiji.

Mwakani bashiri upendavyo. Mimi nimeshaandika maneno yaleyale ya Rehema. Kopo liko jikoni, linakungoja.

Bibi yako