Chumba cha Baba Nilichokipima kwa Nje

Nyumbani kwa baba,
Ileje, Songwe.
23 Novemba 2025

Mpendwa wifi yangu Enesi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe, shemeji na watoto? Na ule mguu uliokuwa ukivimba, umepoa? Mwanangu Lusungu ni mzima na anakuulizia kila siku. Mimi mwili hauna neno, lakini moyo, wifi, haupo mahali pake.

Simu yako haipatikani, ndiyo maana barua hii nimempa Osward, dereva mwenzake kaka yako Watson, anayepitia Nakonde kuja huko kwenu Isoka. Nakuomba uisome ukiwa umekaa.

Unajua tangu kiharusi kimshike baba, upande wake wa kulia haufanyi kazi. Watson akaona tumtengenezee choo na bafu humo humo chumbani, asibebwe tena mpaka uani kwenye mvua. Kwa kuwa kazi yangu kule Tunduma ndiyo hiyo ya kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta, nani mwingine angechora? Nikaja na tepu, nikapima sebule, korido na chumba mlichokuwa mkilala ninyi wasichana. Chumba cha baba sikukipima. Ungekuwa wewe ndiye mkamwana, ungekipima? Mila yetu ya mkwe unaijua: tangu niolewe sijakanyaga kizingiti kile, wala sijakutana na baba uso kwa uso. Akitokea huku, mimi napita kule.

Basi nikapima kwa nje, nikatoa unene wa kuta, nikachora. Ile programu haina mkwe, wifi. Unabofya katikati ya kuta nne, papo hapo inakuandikia eneo la chumba. Ikaniandikia mita za mraba kumi na sita. Nikakata choo upande wa dirisha, nikaweka kitanda, nikazungusha kiti cha magurudumu pale kwenye kioo cha kompyuta, kikazunguka vizuri kabisa. Kwenye kompyuta nimeingia chumbani kwa baba bila hodi, nikatoka, nikaingia tena. Nikamtumia Watson mchoro akiwa safarini, akajibu kwamba ni safi.

Fundi Lusubilo akajenga choo kwa vipimo vyangu, akatoboa ukuta wa nje apitishe bomba. Walipomrudisha baba na kitanda chake, kiti hakigeuki. Hata mlango wa choo hakiufikii. Kumbe upande wa mlimani kuna ukuta wa pili kwa ndani! Ule wa kwanza ulipopasuka zamani, mama, Mungu ampumzishe, aliusimamishia mwingine wa tofali mbichi, na katikati akashindilia udongo. Wewe na Watson mmekua nao, kwenu ni ukuta tu. Kwangu ni hatua nzima ya chumba iliyopotea.

Sasa baba analala sebuleni nyuma ya pazia la kanga. Jirani yetu Joshua ndiye anayekuja kumwogesha, huku wageni wanapiga hodi. Mzee ambaye hata shati halivui mbele za watu! Tangu juzi anasukuma sahani. Na kwa kuwa yuko sebuleni, mimi sina pa kupita, nazunguka nyumba kwa nje hata mvua ikinyesha. Lile tundu la bomba nimeliziba kwa turubai lakini maji yanaingia. Watson amekwama na mzigo Lusaka, hajui atarudi lini. Nafungua kompyuta nachora upya, nafuta, nalia. Chumba hakiongezeki kwa kuchorwa.

Fundi anasema dawa ni moja tu, kuubomoa ukuta wa mama. Lakini haugusi bila ruhusa ya baba, na Joshua alipomdokezea, baba aligeuza uso. Joshua anasema alama za viganja vya mama bado zinaonekana kwenye udongo aliousiriba. Jambo kama hilo humwombi mtu kwa kupitia jirani. Linataka mwana wa kumzaa, nami siye.

Jana jioni nilikuwa nafagia korido polepole asinisikie. Akakohoa, nikageuka niondoke. Nikasikia sauti yake nyuma ya kanga, ile sauti nzito ya ulimi uliolemaa.

“Mama Lusungu, ingia ukapime. Nimechoka kulala njiani.”

Hajawahi kunisemesha, wifi. Nilichukua tepu nikaenda mpaka mlangoni pa chumba chake. Hamkuwa na mtu, mlango ulikuwa wazi, na ukuta wa mama nikauona kwa mara ya kwanza. Mguu ulikataa kunyanyuka. Sikuogopa laana. Baba ameshavuliwa mengi na ugonjwa huu, na heshima hii ndiyo iliyombakia. Nikiingia mimi, nitakuwa nimeimalizia.

Njoo, Enesi. Acha shamba, acha kila kitu, njoo. Ukae naye, mzungumze habari za mama, umwombe. Kisha uingie wewe na tepu, mimi nitakushikia mwisho wake hapa mlangoni.

Nisalimie sana shemeji, binti yako Grace, na mama mkwe wako Judith, umwombe akuruhusu. Mungu akusafishie njia, akufikishe kabla mvua kubwa hazijatukuta hivi.

Ni mimi wifi yako nikupendaye, niliyesimama kizingitini,

Tusekile