Filamu Niliyomficha Papa

Jumapili jioni, mtaa wa Mulongwe, Uvira. Mvua tangu tulipotoka misa.

Mvua ya leo si ya mchezo. Ilianza tukiwa bado njiani, mimi na papa, baba yangu mzazi, tukafika nyumbani viatu mkononi, na hadi sasa ninapoandika bado inapiga mabati. Nimeshatoka mara kadhaa kuuangalia mto. Umejaa na umekuwa mwekundu, lakini bado uko kwenye njia yake. Anayeishi Mulongwe anajua: mvua ikinyesha hivi, sikio moja linafanya kazi zako na lingine linabaki kwa mto.

Nina furaha na nina huzuni, na vyote viwili vimeletwa na filamu.

Msimu wa tuzo umekwisha. Asubuhi kabla ya misa nilisoma majina ya washindi kwenye simu, nikiwa bado kitandani. Nilicheka peke yangu, kisha nikawatukana waamuzi kidogo, Mungu anisamehe. Wanaosoma ukurasa huu wananijua. Mimi ni fundi wa kushona, nina cherehani mbili na mdomo usiopumzika, na kila mwaka miezi hii nafunga atelye, chumba changu cha kushonea, mapema ili nitazame filamu zote zinazoshindania tuzo. Nakopi kwenye flash, nachomeka kwenye kompyuta yangu ya zamani, nazima simu. Miaka yote nimetazama peke yangu. Mwaka huu nimetazama na papa.

Papa ni mkulima wa Katogota, kijijini bondeni. Mama alipofariki mwaka jana nilimleta hapa kwangu, akakubali kuja "kupumzika kidogo". Ni mtu rahisi kuishi naye. Hachagui chakula, halalamiki, na kila asubuhi anakunja blanketi lake vizuri na kuliweka juu ya begi lake, pembeni ya mlango. Nimemsifia kwa majirani wote kwa usafi huo.

Hiyo "kidogo" yake imerefuka, na mimi ndiye niliyeirefusha. Kila alipotaja kurudi Katogota nilikuwa na jibu tayari. Tansiyo yako, hiyo presha ya damu, inapanda. Nani atakupikia? Barabara ya bondeni si ya kuamini. Majibu yalipoanza kuniishia nikamwambia: papa, tumalize kwanza filamu za tuzo, zote, halafu tutaongea. Akakubali. Nadhani alikuwa ameshaanza kuzipenda.

Basi kwa ujanja wangu nikazifanya filamu kuwa mawakili wangu. Nilichagua kila moja kwa kusudi la kumshawishi abaki.

Papa hashiki majina ya filamu, anazipa ya kwake. Ya kwanza aliiita Ya Chumvi: ndugu wawili wanavuka jangwa na lori la chumvi. Ndiyo iliyochukua tuzo kubwa, na nasema wazi kwamba imestahili. Kuna sehemu injini imezimika, hakuna muziki, hakuna neno, na wale ndugu wamekaa kwenye kivuli cha lori wanapokezana kopo moja la maji. Kila mmoja anainua kopo mdomoni, anajifanya amekunywa, anamrudishia mwenzake. Maji hayapungui. Nilitazama sehemu hiyo mara tatu na mara zote nilijikuta nimeshika koo langu mwenyewe.

Papa anaongea na watu wa filamu, na anaongea nao kwa sauti. Hao wa lori alikuwa amewaonya mapema kabisa kuhusu injini.

"Bantu bangu, muangalie kwanza maji ya moteri!"

Hawakuangalia. Mwishoni mmoja anabaki peke yake, mbali na watu wake, na hapo ndipo nilipotaka papa afike. Nikamuuliza kama ameona ubaya wa mtu kukaa peke yake. Akanijibu kwamba ubaya ulianza siku walipotoka kwao.

Wakili wa kwanza akaanguka hivyo.

Ya pili ni Ya Jaji. Mwanamke jaji anaishi mjini na mama yake, na anapewa kesi ya ardhi ya kijiji alikozaliwa. Filamu nzuri sana, ndefu sana, na nina neno na waamuzi. Mwanzoni joho la yule jaji ni kubwa kwake, mabega yanateleza, mikono inameza vidole. Kadiri kesi inavyoendelea, joho linamkaa. Hakuna anayelisema hilo kwenye filamu nzima! Kuna fundi mahali fulani alilipunguza kidogo kidogo, mshono baada ya mshono, akitegemea kwamba fundi mwenzake wa Uvira ataona. Nimeona, dada yangu au kaka yangu, nimeona. Na tuzo ya mavazi wamempa nani? Wameipa ile ya ikulu, Ya Malkia, yenye magauni mia, kwa sababu waamuzi wanahesabu nguo badala ya kuzisikiliza. Magauni yenyewe ni mazuri, sikatai, ningeuza cherehani moja ili niguse ile lesi ya samawati. Lakini papa alilala kabla ya malkia kuvikwa taji, nami nilimwelewa.

Turudi kwa jaji. Niliiweka ili papa amwone mama wa jaji, mzee anayetunzwa mjini: daktari yuko karibu, kiti cha kuegemea kiko dirishani, chai inamfikia mkononi. Papa alimtazama yule mama muda mrefu. Kisha akaniuliza anafanya kazi gani pale dirishani. Wakili wa pili naye chini.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu.

Kulikuwa na filamu moja ambayo sikumwonyesha. Niliitazama peke yangu atelye, mchana mmoja, na kabla haijafika nusu nilijua kwamba hii ikiingia nyumbani kwangu, kesi imekwisha. Inahusu mwanamke mzee aliyeacha mizinga yake ya nyuki kilimani akaja kukaa kwa binti yake, kwenye nyumba ya ghorofa. Binti si mbaya. Hilo ndilo lililoniuma. Binti anampenda mama yake, anamkata kucha, anamnunulia viatu laini, na anamfungia ndani ya upendo huo kwa nia njema kabisa. Nililia hadi nikachafua kitambaa cha mteja. Papa alipouliza kama zimebaki nyingine nilimwambia ipo moja lakini faili yake imeharibika.

Mungu ana mzaha wake. Yule mama wa nyuki ndiye aliyepata tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Asubuhi nikaropoka habari hiyo kwa furaha, nikisahau kabisa uongo wangu, na papa akaniuliza huyo mama tulimwona katika filamu ipi. Nikakosa pa kuficha uso. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba tulikubaliana zote, na kwamba labda faili imepona.

Faili ikapona. Tulipokwisha kula, bugali na ndagala, nikaiweka.

Nilikuwa bado na silaha moja, nami naiandika hapa kwa aibu. Watu wa filamu hiyo wanaongea lugha ambayo hata mimi siijui, na maandishi ya chini ni ya Kifaransa. Papa hayafuati, yanapita upesi. Mimi ndiye ninayemtafsiria, kila filamu, tangu mwanzo wa msimu. Na leo, kwa hii mvua juu ya mabati, hata sauti za waigizaji hazikusikika. Papa alikuwa na picha na mdomo wangu, basi.

Tukafika kwenye sehemu ya chakula cha jioni. Binti anamwekea mama supu na kumsimulia mipango ya chumba chake, pazia jipya, kitanda kipya. Mama anakula yote. Anajibu kwa sentensi moja fupi, na Kifaransa kinasema: kesho unirudishe nyumbani.

Nikapaza sauti juu ya mvua: "Anasema hapa pamemfurahisha, atabaki."

Filamu ikaendelea kidogo. Kisha papa akanyoosha mkono kunionyesha nisimamishe.

"Nabintu," akaniita. "Ule mama hajasema vile."

Nikamwambia papa, maandishi nimesoma mimi.

"Weye unasoma maandishi. Minye niko naangalia muntu. Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Tukatazama tena bila sauti, mvua tupu. Na niliona kile ambacho atelye sikukiona, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye Kifaransa. Yule mama akimaliza kula hamtazami binti yake. Anachukua kitambaa cha mezani, anakikunja pembe kwa pembe, anakilainisha kwa kiganja na kukisogeza katikati ya meza. Uso wake una adabu. Una shukrani hata. Ni uso wa mtu aliyekaribishwa vizuri na sasa hataki kumwachia mwenye nyumba kazi.

"Angalia," papa akasema. "Amekunja sawa mugeni." Kama mgeni.

Nilitazama mlango wetu. Begi lilikuwa pale, na blanketi juu yake, pembe kwa pembe.

Kila asubuhi, tangu alipokuja. Na mimi nikimsifia kwa majirani.

Nikapiga ile sehemu mara ya tatu na kutafsiri upya, neno kwa neno, na papa akaitikia kwa kichwa. "Sasa njo iko sawa," akasema, bila ukali wowote. Hakuuliza kwa nini nilidanganya. Alijua, na akaniachia.

Kwa hiyo nawapongeza waamuzi kwa moyo wote. Wamekosea kwenye mavazi, lakini kwa huyu mama hawakukosea hata kidogo. Nimesikia watu wakisema mwigizaji mzuri ni yule anayetamka maneno vizuri. Mimi leo nimemwona mmoja aliyenyang'anywa maneno yake, akawekewa ya uongo na fundi wa Mulongwe, na bado akasema ukweli wake hadi mkulima wa Katogota akausikia. Tuzo ya nini tena, mpeni na mizinga.

Tuliendelea hadi mwisho, na sikupindisha sentensi nyingine.

Mwishoni binti anamrudisha mama kilimani kwa gari lake. Hawaongei njia nzima. Anaendesha polepole mno, malori yanampita, pikipiki zinampita, hata mtu wa baiskeli anampita, na mama anaona na hasemi neno. Wanafika. Mama anashuka, anakwenda moja kwa moja kwenye mizinga, hageuki. Binti anaanza safari ya kurudi, macho makavu. Gari linapinda kona, kilima kinapotea, na hapo tu ndipo anapolia.

Nilifunga kompyuta. Papa alikuwa amekaa mikono magotini. Katika msimu mzima ilikuwa filamu pekee ambayo hakuwaonya watu wake hata mara moja, ila pale aliponirekebisha mimi.

"Ni ya nani ile zawadi?" akauliza, ingawa asubuhi nilimwambia. Nikamwambia ni ya mama wa nyuki.

"Minye ningepatia ule binti."

"Juu ya nini, papa?"

"Mama iko naenda kwake, ile haiko kazi. Ule binti njo mwenye iko na kazi ya nguvu."

Nikaenda jikoni kuosha sahani ambazo zilikuwa zimeshaoshwa. Niliporudi nikamwambia, papa, kesho mvua ikikatika tutafute gari la Katogota. Alinitazama kwanza, nadhani alikuwa anakagua kama maneno na uso vinakubaliana. Kisha akasema sawa, na akaniomba chai, na alipoipata aliongeza sukari ambayo daktari amemkataza. Sikumkataza mimi.

Sasa amelala. Naogopa, sifichi. Naogopa tansiyo, naogopa barabara, naogopa jioni zake kwenye ile nyumba ambamo mama hayumo. Shangazi yangu wa Kiringye, karibu na Katogota, nimeshampigia, atakuwa anapita kumwona. Nitamwekea dawa zake kwenye pakiti ndogo ndogo za kitambaa, nimezishona sasa hivi, ya asubuhi ya njano na ya jioni ya bluu. Na mwakani, filamu za tuzo zikitoka, nitazipeleka Katogota pamoja na kompyuta, nimsikie akiwagombeza watu wa filamu.

Mimi na papa hatukubaliani kuhusu tuzo. Nilisema ni ya mama, na sitabadili. Lakini nimemrudia yule binti kichwani jioni nzima, namna alivyoshika usukani, namna alivyozuia uso wake hadi kona, ili mama aende bila mzigo. Kesho gari ndilo litakalopinda kona na mimi ndiye nitakayebaki nimesimama.

Nitaweza kungoja hadi lipinde, ndipo nilie?