Maneno Aliyoyabeba Mzee Kiema

Kanyangi, Jumanne

Kaka yangu Musembi,

Mzee Kiema atazikwa shambani kwake Jumamosi. Chifu amenithibitishia asubuhi hii. Nimetanguliza hilo kwa sababu Emali habari hufika zikiwa zimeongezwa chumvi. Sasa, u hali gani? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tu wazima. Mwaitu goti linamsumbua, lakini mdomo wa mama yetu hauna shida: anauliza kama mashemasi wa Emali hawana simu.

Mchungaji ametangaza kwamba mshirika yeyote asichimbe kaburi la mtu aliyemkufuru Mungu kitabuni. Unayakumbuka maneno yenyewe. Katika riwaya ya Mzee Kiema mama anamzika mtoto wakati wa ukame, anauliza: kama Mungu amezihesabu nywele zetu zote, ni nani aliyemwambia kwamba mtoto wangu amezidi? Kwa hayo alitengwa na kanisa. Mzee alibishana na kila mtu kuhusu kila kitu, ila hapo hakuwahi kujitetea.

Nimepita mtoni. Bado watu wanachimba mchanga kutafuta maji pale pale alipotuuliza, tukisubiri mitungi ijae, kama maji ni ya aliyechimba au ya mwenye kiu. Wewe ulimjibu ni ya mwenye punda. Alicheka mpaka akakaa chini, akasema wewe utatajirika na yeye atabaki na swali. Kwenye mwethya, tulipochimbiana matuta kwa zamu, hakuruka shamba la mtu, hata la waliomfukuza.

Jana nilimwambia Mwaitu nitakuandikia habari ya kaburi lisilo na wachimbaji. Akaniambia niweke kalamu chini kwanza. Maneno yale si ya Kiema. Aliyasema Mwaitu mwenyewe, siku tulipomzika dada yetu Wayua mwaka ule wa njaa, Kiema akiwa kando yake na sepetu. Kiema alimwomba ruhusa kabla ya kuyaandika. Wazee wa kanisa walipomuuliza ameyatoa wapi, alijibu ni kichwani mwake. Mwaitu alikuwa ameketi safu ya pili, mwenyekiti wa akina mama.

Jumamosi atayasema mwenyewe, mbele ya watu wote. Nilimuuliza kama anajua watamfanya nini. Akasema ukifukuzwa kanisani ukiwa na miaka themanini, unachokosa ni chai tu. Lakini usiku nilimsikia akiomba.

Wewe ni shemasi, kaka; siwezi kukuamulia. Mwaitu anakusalimu sana, na anasema jembe lako bado liko nyuma ya ghala. Tunaanza kuchimba Ijumaa, saa mbili asubuhi.

Dada yako,
Nzilani