Mwanamke Aliyeshika Pembe

Hvammur, 14 Oktoba 1871

Mama yangu mpenzi,

Mungu akutunze wewe na baba na kondoo wote. Goti lako linasemaje na baridi hii? Mimi nimeshainuka, nala samaki mkavu na siagi kama mtu anayetoka kukata nyasi.

Nimepata msichana. Mdogo, nywele nyeusi, akipiga miayo uso wote unakuwa mdomo. Jina bado.

Mama mkwe amemwanzishia maziwa ya Skjalda, ng'ombe wao wa kujivunia, kwa bua la unyoya wa bata maji lililofungwa kitambaa. Ndivyo alivyomlisha Oddur wangu, mtoto wa kwanza, na Oddur hakumaliza mwezi. Nikaomba huyu nimnyonyeshe mwenyewe. Akaniuliza, mbele ya wote waliokaa kuchambua sufu, kama nimesikia nyumba hii imeishiwa ng'ombe. Eti maziwa ya kifuani ni ya maskini. Hallur akakohoa. Mume wangu ni mtu mwema, lakini mbele ya mama yake hukohoa tu.

Kuna jingine. Kabla sijajifungua niliota mwanamke amesimama mlangoni, amevaa deraya ya chuma, theluji nyweleni, mkononi pembe ya kunywea. Akasema, "Mimi Thrudur. Naomba nafasi kwako." Unajua mwenyewe, anayeomba nafasi ndotoni anataka mtoto aitwe yeye. Lakini mama mkwe aliposikia akapiga ishara ya msalaba. Anasema huyo ni mmoja wa wanawake wa vita wa Odin, mungu wa wazee wa kale, wale wanaopita juu ya uwanja wa vita kuchagua wa kufa, na kwamba amekuja kumchagua mtoto.

Mama, ni kweli?

Mwanao,
Salvor

Bakki, 3 Novemba 1871

Salvor binti yangu,

Hapa hatujambo. Goti linanipa habari za mvua kabla ya mawingu. Baba yako anakusalimu, na amekwenda kuwaambia kondoo kwamba amekuwa babu.

Mama mkwe wako si adui. Amezika watoto wake na mjukuu, na bua hilo ndilo alilofundishwa. Mheshimu. Ila katika hili usimtii.

Mlipozaliwa ninyi hatukuwa na ng'ombe hata mmoja. Nililia kwa aibu, nikawapa titi langu. Na nyote mko hai, mnagombania mkate.

Sasa ndoto. Wanawake wale huchagua, ni kweli. Lakini anayekuja kuchukua huja na mkuki, na wako alikuja na pembe. Thrudur, katika mashairi ya wazee, yumo kati ya wale wanaowanywesha mashujaa kwa pembe. Na bibi yako alikuwa akitusimulia mmoja wao aliyeambiwa na Odin nani auawe. Akamtazama yule aliyehukumiwa, akampa yeye ushindi. Odin akamchoma mwiba wa usingizi kwa hasira. Bibi alikuwa akisema nguvu ya mwanamke wa vita haimo kwenye upanga. Imo pale, kumkatalia mkubwa kwa ajili ya mtu ambaye kila mmoja ameshamhesabu maiti, huku ukijua utaadhibiwa.

Mweke kifuani hata kama pamekauka. Akikataa, mweke tena.

Mama yako,
Gudlaug

Bakki, 28 Januari 1872

Mwanangu,

Uko mzima? Sisi tupo. Theluji imefunga njia ya mlimani, tarishi amegeuka mara mbili, na barua yako sijaiona.

Nimemfumia mtoto fulana. Sikujua niipe ukubwa gani. Niliifuma ndogo, nikaona kama namkufuru Mungu. Nikaifumua, nikaongeza, nikaogopa kwamba nimejivuna. Nimeiacha ukubwa wa katikati, nikampa muuza farasi anayesema atavuka. Baba yako haulizi chochote, ila kila akisikia mbwa anabweka hutoka nje.

Niandikie hata neno moja.

Mama yako

Hvammur, 25 Aprili 1872, siku ya kwanza ya kiangazi

Mama yangu,

Furahi kabla hujasoma zaidi. Yu hai. Ananivuta nywele sasa hivi.

Barua yako ya Novemba niliificha kifuani, nikawa nashuka na mtoto zizini, chini ya chumba chetu, namnyonyesha kwa siri pembeni ya Skjalda. Ng'ombe alitutazama kama shemeji aliyeibiwa kazi. Lakini yalitoka matone tu, na juu bua liliendelea.

Noeli ilipokaribia tumbo likamharibika. Macho yakazama, hata kulia akaacha. Padri asingeweza kuvuka theluji ile, kwa hiyo mama mkwe akaleta bakuli la maji ili ambatize kabla hajatutoka. Akaniuliza jina.

Nikasema, "Thrudur."

"Unampa mtoto jina la wachukuao roho?"

"Alikuja na pembe, mama. Na kama ni kuchagua, leo nachagua mimi. Huyu haendi. Na maziwa ya bua hayamgusi tena."

Sijawahi kusema hivyo na mtu mzima maishani mwangu. Nilingoja Hallur akohoe. Hakukohoa. Alisimama, akachukua kikombe cha maziwa ya Skjalda kilichokuwa kikimngoja mtoto, akayanywa yote mwenyewe, akajifuta ndevu.

Mama mkwe akambatiza kwa jina lile. Halafu nikakaa kitandani, nikamweka. Akikataa, namweka tena. Sikujua mchana wala siku. Mara mama mkwe akasimama kando yangu na bakuli la mchuzi wa kondoo, bila kunitazama. "Kunywa," akasema. "Hakuna anayepigana na tumbo tupu."

Wakati wengine wanaimba nyimbo za Noeli, gauni langu likalowa. Mama, maziwa yalikuja kama mto unaovunja barafu. Thrudur alikunywa hadi akalewa.

Leo ana meno mawili na ananiuma. Mama mkwe anawaambia wageni kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo, nami namwachia. Jirani yetu wa ng'ambo ya mto alipojifungua, mama mkwe alikwenda huko mwenyewe na fimbo yake, akawauliza wanamlea mtu au ndama. Kuhusu mwanamke wa ndotoni hasemi kitu, ila nimemwona akiuacha mlango wazi kidogo wakati wa kusali.

Na bua lile la bata maji? Asubuhi hii alilichonga ncha kwa kisu chake, akanipa kama zawadi ya kiangazi. "Mwandikie mama yako," akasema. Ndilo ninaloandikia hapa, ndiyo maana wino umemwagika kidogo.

Fulana ilifika wiki iliyopita. Ilikwama kichwani, na Thrudur akaikasirikia kwa sauti iliyowafikia kondoo. Nairudisha pamoja na barua hii. Ifumue, mama. Fuma kubwa, kubwa kabisa, wala usiogope.

Mwanao Salvor,
na mjukuu wako,
Thrudur binti Hallur