Supu ya Mbegu za Yungiyungi

Mjukuu wangu Salma,

Sisi hapa Chatsworth tu wazima, na babu yako amepona kikohozi. Umeniuliza nilitulizaje moyo alipolazwa hospitalini, tungali wachumba.

Jirani yetu Mchina, Bi Lin, aliniita nije na sufuria yetu na kuku wa halali, tupike supu ya kwao ya kutuliza moyo. Akanipa mbegu za yungiyungi zilizolowekwa, nizitoe viini vichungu, kimoja kimoja. Nilipotaka kutia pilipili, alicheka: "Wee msichana! Moyo unawaka, nawe wauongezea kuni?"

Nikaendelea na viini. Tulipoinjika sufuria, niliitazama mikono yangu: ilikuwa imeacha kutetemeka, na supu hata haijachemka! Mpaka leo nastaajabu.

Nakutumia mbegu kabla ya mitihani yako. Viini usimwachie mtu akutolee.

Bibi yako akupendaye