Meza Moja na Wifi

Jumapili, Chang'ombe. Manyunyu tangu asubuhi, nguo hazijakauka, na mie nina kijicho. Nakiandika hapa kwa sababu hakuna mtu ninayeweza kumwambia.

Wifi yangu Neema, mdogo wake mume wangu, anakaa nasi tangu apate kazi ya ualimu huku Temeke. Poka, ule mchezo wa karata za hela wa kwenye simu, nimemfundisha mie. Mie ndiye niliyemwambia kwamba mtaji unalelewa: nilianza na elfu kumi, kwa miezi tisa nikaufikisha elfu themanini, kwa sheria moja tu, sikai meza moja na zaidi ya elfu nne. Zikiliwa hizo, nazima simu, naenda kupika.

Neema hana sheria. Anaingia na chote alichonacho, anacheka, anashinda. Majuzi kamnunulia mama mkwe kitenge cha maana. Mama mkwe akapiga simu, akamsifia mwanawe weee, halafu akaniuliza mie kama ule mchezo wangu bado naendelea nao. Mume wangu naye eti Neema ana mkono wa bahati. Na wangu ni mkono wa nini, wa kuoshea vyombo?

Roho iliniuma jamani. Si kidogo.

Basi nikabadilisha jina langu la mezani ili asinitambue. Leo tumetoka kanisani, yeye kajifungia chumbani kwake na simu, mie nikabaki jikoni na yangu. Nikaitafuta meza yake, meza ya watu wenye hela kuliko mie, nikakaa na elfu themanini yote. Haki ya Mungu sikutaka hela. Nilitaka atoke chumbani kanuna.

Nikapata wafalme wawili. Nikasukuma hela zote katikati papo hapo. Neema akanifuata, akaweka kiasi kilekile. Alikuwa na karata mbili za kopa, tena ndogo ndogo. Mezani zikafunguliwa kopa tatu. Kopa tano kwake, na tano za aina moja zinapiga jozi yoyote; wafalme wangu wakabaki mapambo.

Miezi tisa imeisha kabla wali haujaiva.

Jioni kaja na kuku wa kuchoma na chipsi za nyumba nzima, anasimulia huku anagawa: kuna mtu leo kajimaliza mwenyewe mezani, wala jina lake hajawahi kuliona. Mume wangu akacheka mpaka akapaliwa. Na mie nikacheka. Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, alijuaje kwamba amfuate.

"Si wewe wifi ulinifundisha? Ulisema anayetupa hela zote haraka vile hachezi karata, anacheza hasira zake."

Nilisema kweli. Nakumbuka hadi tulipokuwa tumekaa.

Akaniwekea paja, akamkatalia hata kaka yake, eti hilo ni la mwalimu wake. Nimelila lote na lilikuwa tamu.

Hela nitazitafuta, nitaanza tena na elfu kumi. Ila huyu binti niliyetaka kumwona ananuna alinitengea paja. Nimwambie kesho kwamba yule mjinga ni mie, au nimwache aendelee kunipenda hivihivi?