Naomi na Noemi Walikuwa Mtu Mmoja

Jumanne. Ukungu umeshuka kutoka mlima Magamba tangu alfajiri, na hadi sasa jioni haujaondoka.

Niseme ukweli: leo nimeogopa kuliko siku yoyote tangu nianze kutunza mafaili ya wagonjwa hapa kituo cha afya.

Saa nne aliletwa Bibi Naomi kutoka kijiji cha Gare, anatetemeka kwa homa. Nikatoa faili lake kabatini. Kurasa mbili tu, hakuna la kutisha. Daktari akaandika sindano, nesi akaiandaa. Ndipo Agnes, binti wa yule bibi, akauliza, "Samahani dada, hiyo si penisilini? Mwaka juzi ilimvimbisha uso akashindwa kupumua. Mkaandika hapahapa!"

Kwenye faili hapakuwa na neno.

Nesi akaiweka sindano chini. Nilipekua makabati hadi jasho likanitoka, nikakuta faili jingine lenye jina "Noemi". Gare hiyohiyo, mwaka wa kuzaliwa uleule. Juu kuna onyo kwa kalamu nyekundu.

Onyo lilikuwepo. Mimi ndiye ambaye sikulijua.

Alipewa dawa nyingine, na kufikia mchana aliweza kunywa uji. Wakati wanaondoka nilimwamkia nikishindwa kumtazama machoni.

"Marahaba mwanangu," alisema. "Mshukuru Agnes, ana kumbukumbu."

Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Sasa niungame. Kompyuta yenye kanzidata ya taarifa za wagonjwa iko mezani kwangu tangu masika, na mafunzo nilipewa. Nimekuwa nikijitetea kwamba umeme unakatika na karatasi haihitaji chaji. Ni kweli. Lakini faili hukaa kwenye kabati moja, chini ya jina moja, kama lilivyoandikwa siku ile. Kwenye kanzidata ningemtafuta kwa kijiji, kwa mwaka, hata kwa jina la binti yake. Angekuwa na namba moja, na onyo likiingizwa mara moja, daktari, nesi na maabara wote wanaliona.

Mfumo nao si malaika. Nikiingiza majina kizembe, utayatunza kizembe. Kwa hiyo kila mgonjwa nitamuuliza, nitalinganisha, ndipo niandike. Umeme ukikatika nitatumia daftari, ukirudi nitaingiza.

Alasiri nimemwingiza Bibi Naomi, wa kwanza kabisa. Onyo lake nimelisoma mara tatu.

Makabati bado yamejaa. Asubuhi nitafika kabla ya foleni, nianze na herufi A.